Kwa Heshima ya Fedheha ya Ukumbini

Nzi alishapata mtu wa kumsifu. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia mdudu huyo sifa nzima, akamvika ushujaa na madaha. Upara nao ulipata wakili, Synesius wa Cyrene. Upumbavu ukatetewa na Erasmus wa Rotterdam katika kitabu kilichotoka mwaka 1511, na mpaka leo watu wanakikumbuka hicho kuliko maandishi yake mengi ya busara. Mimi nimekuja na mteja ambaye mabwana hao hawakumfikiria: fedheha ya waposaji.

Si fedheha yoyote tu. Kuteleza sokoni na kikapu cha nyanya hakuna hadhi, na kudaiwa dukani mbele ya jirani ni mambo ya kila mwisho wa mwezi. Nasema ile fedheha ya vijana wawili au watatu waliomtaka binti mmoja, wakakutana ukumbi mmoja usiku mmoja, wote suti, wote viatu vinang'aa, wote wana kadi halali mfukoni, na aliyekubaliwa ni mmoja.

Tuanze na nasaba, kama anavyostahili kila mkubwa. Baba yake ni Tumaini, mama yake ni Suti ya Kuazima, na mkunga aliyemzalisha ni kamati ya harusi. Bila kamati angefia tumboni. Kamati ndiyo yenye daftari la michango, na daftari la michango halina habari ya nani alimpenda nani tangu chuoni. Linajua tu nani kaahidi na nani kalipa. Basi kijana aliyepigwa kibuti mwezi wa tatu anapokea ujumbe mwezi wa sita, kwa heshima na taadhima, akiombwa kufanikisha sherehe ya kumuaga binti yule yule. Mtu mwingine angezima simu. Yeye anachanga. Tena anachanga kadi ya dabo, ya watu wawili, ili ionekane kwamba hana kinyongo na kwamba ana wa kuja naye. Wa kuja naye hana. Siku ikifika anamleta binamu yake, ambaye nusu ya ukumbi inamjua kwa jina na nusu nyingine imesoma naye.

Ona basi ukarimu wa fedheha: hata kabla haijatokea, imeshalipia viti viwili, sahani mbili na soda nne za watu wengine.

Ikulu yake ni sendofu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kualikwa, na nampa pole, hiyo ni sherehe ya familia ya binti kumuaga kabla ya harusi yenyewe. Mchumba huja kama mgeni, na kwa muda hatambulishwi. Anakaa tu katikati ya watu. Kisha MC, ambaye amelipwa ili mtu yeyote asipumzike, anamwambia binti: kama kweli mwenzio yumo humu ndani, shuka umtafute, utuletee tumwone. Muziki laini unawekwa. Binti anashuka jukwaani na mpambe wake, shada la maua mkononi, anapita meza hadi meza akijifanya haoni. Anasimama kwa mjomba, anatikisa kichwa. Anasimama kwa mzee mwenye kibaraghashia, ukumbi unacheka, mke wa mzee hacheki. Mwisho anamfikia aliye wake, anamvika shada, vigelegele vinapasua paa, na wawili wanakwenda mbele ya wazazi. Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, kila mji una manjonjo yake, lakini huko kutafutana ndiko kiini cha shughuli.

Sasa, katika kutafutana huko ni nani hasa anayetafutwa? Si mchumba. Yeye anajua atapatikana. Mahari imeshapokelewa na wajomba wameshagawana. Anayetafutwa, bila binti mwenyewe kujua, ni yule wa meza ya kumi na yule wa meza ya kumi na nne.

Wa meza ya kumi, tuseme, ni ofisa mikopo: amezoea kukataa watu, hajazoea kukataliwa. Wa meza ya kumi na nne ni mwalimu wa hesabu, aliyepiga mahesabu yote akasahau kwamba binti naye ana mahesabu yake. Usidhani wamekuja kwa ajili ya binti. Huyo walishamsamehe. Kila mmoja amekuja kuona mwenzake ataiweka wapi sura yake, na hilo limewafanya wafike mapema kuliko hata wapishi.

Binti anakaribia meza ya kumi. Kisigino kinanasa kwenye zulia jekundu. Anasimama, pengine sekunde tatu. Ofisa mikopo, aliyeapa mbele ya kioo kwamba leo hatatikisika, anashtukia mkono wake mwenyewe umepanda kooni na unaiweka tai sawa. Mpiga video hana ubaya na mtu. Anafuata tu palipo na tukio. Anamgeuzia taa na kamera, na kule ukutani, kwenye skrini kubwa, ukumbi mzima unamwona mwanamume akijipanga vizuri kwa ajili ya mchumba wa mtu. Kisigino kinanasuka. Binti anapita.

Mwalimu wa hesabu anacheka mpaka soda inamtokea puani. Anainuka haraka kwenda nje kujifuta. Na hapo ndipo fedheha inapoonyesha kwamba haina upendeleo, maana kusimama wakati binti anatafuta mchumba ni sawa na kunyoosha kidole mnadani. MC anaona suti imeinuka. Alionyeshwa bwana harusi jioni, lakini suti zote ni za bluu. "Huyooo!" Mama wadogo wanapokea kwa vigelegele. Matarumbeta, yaliyosubiri ishara hiyo tangu saa moja, yanalipuka. Mwalimu yuko katikati ya njia, tishu mkononi. Binti anamtazama kwa huruma ile ambayo ni mbaya kuliko dharau, anampungia kidogo, anamzunguka. Tarumbeta likikatizwa katikati ya wimbo hutoa mlio wa pekee, na mlio huo, kwa maoni yangu, ndio wimbo rasmi wa waliokataliwa wote.

Haya, na aje mtu aniambie ni hotuba gani ya meza kuu iliyowahi kuupa ukumbi furaha ya namna hiyo. Mgeni rasmi alizungumza dakika arobaini juu ya uvumilivu katika ndoa. Nani anakumbuka neno?

Lakini kuchekesha ni kipaji chake kidogo. Kazi kubwa ya fedheha ni ya upelelezi. Tangu zamani familia zimehangaika kumjua kijana kabla ya kumpa binti: mshenga anatumwa, wazee wanaulizia kijijini, siku hizi hata mitandao inapekuliwa. Na taarifa zote hurudi zikiwa safi, kwa sababu mshenga ana bahasha yake na kijijini hakuna anayetaka lawama. Fedheha haina bahasha. Inakukamata mbele ya watu, ghafla, soda puani, na kile utakachofanya katika pumzi mbili zinazofuata ndicho wewe. Kuna anayegeuka kumfokea mhudumu. Kuna anayetoka nje asirudi, akamwacha binamu bila nauli. Na kuna yule anayepiga makofi kuliko wote, anainama kidogo kwa MC, anarudi kukaa. Huyo wa mwisho hajamaliza kukaa, tayari yuko shangazi mmoja meza ya karibu anayemnong'oneza jirani yake: huyu kijana ana nani? Shangazi huyo ana mabinti watatu nyumbani. Nimeona posa zikizaliwa hivyo, na sikuona mshenga aliyefanya kazi ya haraka namna hiyo bila hata kulipwa soda.

Tena inapatanisha. Fahali wawili hawakai zizi moja, tumeambiwa, lakini hatukuambiwa habari za foleni ya bufee. Pale, wakiwa na sahani tupu, ofisa mikopo na mwalimu wa hesabu wanajikuta wamefuatana. Hakuna wa kumcheka mwenzake, wote wameshaonekana. Mmoja anasema pilau ya leo nzuri. Mwingine anasema ndafu wameikausha. Huo ndio mkataba wa amani, na haukuhitaji msuluhishi kutoka nje wala posho ya vikao.

Wanaodhani haya ni mambo ya Sinza na Kinondoni tu wasome Herodotus. Katika karne ya 6 KK, huko Sicyon, Ugiriki, mtawala aliyeitwa Cleisthenes alishinda mashindano ya magari ya farasi wanne kule Olympia, akatangaza papo hapo kwamba Mgiriki yeyote anayejiona anafaa kumwoa binti yake Agariste afike kwake ndani ya siku 60. Herodotus anawataja waposaji 13. Mmoja, Smindyrides wa Sybaris, alisifika kwa anasa kuliko watu wote wa zama zake. Mzee aliwajengea uwanja wa mbio na wa mieleka, akawapima mwaka mzima: nguvu, tabia, elimu, ukoo, na zaidi ya yote namna wanavyokaa karamuni. Huyu mzee alijua kitu. Kati yao wote aliyempendeza ni Hippocleides wa Athens, tajiri na mzuri wa sura.

Siku ya kutangaza mshindi zikachinjwa ng'ombe 100, mji mzima ukaalikwa. Baada ya kula, waposaji wakaanza kushindana kwa muziki na mazungumzo. Hippocleides aliyekuwa akiongoza akamwita mpiga zumari, akacheza. Alifurahi nafsi yake. Mkwe alianza kukunja uso. Kisha kijana akaagiza meza. Meza ikaletwa. Akacheza juu yake mitindo ya Sparta, akacheza mitindo ya Athens, na mwisho akasimama kwa kichwa juu ya meza, miguu ikifanya hewani kazi ya mikono. Kumbuka kwamba Wagiriki wa siku zile hawakuvaa suruali. Mzee akashindwa kujizuia, akamwambia kwamba ndoa yake ameicheza ikamtoka. Kijana, kutoka huko chini kilipokuwa kichwa chake, akajibu kwamba yeye hana shida.

Hapa ndipo naomba wanaoidharau fedheha wavue kofia. Baada ya Hippocleides kujiangusha, Agariste alipewa Megacles, naye wa Athens. Mtoto wao, aliyepewa jina la babu yake, ndiye Cleisthenes aliyeipanga upya Athens mwaka 508 KK na kuanzisha utawala wa wananchi. Kitukuu cha Agariste ni Pericles. Kwa hiyo kila mmoja wetu anayepanga foleni ya kura kila baada ya miaka mitano ana deni kwa miguu miwili iliyokuwa juu ya meza. Na waliokosa hawakurudi mikono mitupu: kila mmoja alipewa talanta ya fedha, uzito unaozidi kilo 25, kwa usumbufu wa kukaa mbali na nyumbani. Hippocleides mwenyewe baadaye alishika cheo cha juu cha uongozi mjini kwake. Iko wapi basi hiyo hasara ya fedheha tunayotishiwa nayo?

Mwalimu Nyerere naye aliona umuhimu wa jambo hili, ama sivyo asingepata muda, akiwa na nchi ya kuongoza, wa kututafsiria tamthilia ya *Mabepari wa Venisi*, iliyotoka mwaka 1969. Watu hukumbuka ratili ya nyama tu. Mimi hukumbuka visanduku vitatu. Anayemtaka Portia lazima achague kimoja: cha dhahabu, cha fedha au cha risasi, na kabla ya kuchagua anakula kiapo kwamba akikosea hataoa kamwe, na ataondoka mara moja. Mwana mfalme wa Moroko akafungua cha dhahabu, akakuta fuvu. Mwana mfalme wa Aragon akafungua cha fedha, akakuta picha ya mpumbavu inamkodolea macho. Hao wawili nawavulia kofia. Nisiowasamehe ni wale waposaji waliofika mapema, wakasikia masharti, wakafunga mizigo wakarudi kwao bila kugusa kisanduku. Hawakufedheheka, na ndiyo maana mtu akiwataja leo ni kwa yale ambayo Portia aliwasema wakiwa hawapo.

Serikali zetu zimejitahidi kumpa mposaji aliyeshindwa nafasi, lakini kwa ubahili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ukisoma haraka utadhani ukumbi umefunguliwa kwa ajili yetu. Ukisoma vizuri unakuta pingamizi ni lile la kisheria: kwamba mmoja ana ndoa nyingine inayomzuia, kwamba ni ndugu wa karibu, na mengine ya jinsi hiyo. Kwamba "hata mimi nilimpenda" hakumo. Sheria hiyo hiyo inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia, na aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa kudai arudishiwe. Najua wanaume wenye orodha: simu, viatu, kuku wawili, nauli ya kwenda na kurudi Tanga. Nawasihi wasithubutu. Mahakama itakurudishia simu, lakini fedheha ya kuidai, ambayo ni ya daraja la chini na haina matarumbeta, hutaweza kuirudisha kwa mtu.

Katika Uislamu njia ilizibwa mapema, kwani Mtume alikataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye mpaka wa kwanza aache au aruhusu. Ndiyo adabu, na fedheha ikakosa pa kukaa. Haikukata tamaa. Pwani ikahamia kwenye taarabu ya harusini, ambako mtu huinuka taratibu na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji pale pale ubeti unapomchoma hasimu, macho yakiwa kwa hasimu na mkono kwa mwimbaji. Hasimu naye akiwa na noti kubwa zaidi ataomba wimbo urudiwe. Wanaume hawajafikia kiwango hicho. Wao mpaka leo wanategemea ajali.

Yako maneno ya kupinga, nayajua. Wanasema fedheha huvunja moyo. Inavunja nini? Moyo ulishavunjwa mwezi wa tatu, faraghani, kwa ujumbe wa maneno sita, na haukumnufaisha yeyote. Ukumbini angalau watu wanacheka. Wanasema pia kwamba siku hizi simu za watu zinarekodi na mtu anasambaa nchi nzima kabla keki haijakatwa. Hilo kweli linauma, nami sitalitetea: fedheha ya ukumbini ni mali ya waliochangia, na anayeipeleka kwa wasiochanga ni mwizi.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati zote zinazokaa vikao msimu huu. Katika bajeti, kati ya fungu la mapambo na fungu la mpiga video, wekeni fungu dogo la mposaji aliyeshindwa. Mpeni kadi bure; alishatumia vya kutosha. Mkaribisheni meza ya njiani, si ile ya nyuma karibu na jenereta, ili zulia lipite miguuni pake. MC asionyeshwe bwana harusi kabla ya muda. Matarumbeta yalipwe kwa nyimbo mbili, mmoja wa ziada wa dharura, maana ule wa kwanza ukikatizwa usirudiwe kwa aliyepatikana kweli. Na wewe kijana uliyepokea ujumbe wa mchango wiki hii na bado unautazama, lipa leo. Kadi ya singo inakutosha.